Beseni la Udongo la Papa Hyacinthe

Baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu ya useremala, Papa Hyacinthe atatundika aproni yake tarehe 31 Desemba 1966. Aliingia akifagia maranda, anatoka akiwa kapita, msimamizi wa mafundi wote.

Kazi iliyompa jina ni lambri, yaani mbao za kuvika ukuta wa ndani kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Nyumba nyingi za wakubwa wa kizungu kando ya ziwa zilivikwa na yeye. Mbao zake alizikausha kwa moshi juu ya jiko. Ukutani alipigilia kwanza papi, vipande vyembamba vya mbao, ili unyevu wa ziwa upate pa kupita nyuma, kisha akapigilia mbao juu yake na kuzipiga randa mpaka nzi akitua ateleze. Hayo ya nzi ni maneno yake. Sisi hatujawahi kumwona nzi huyo.

Nyumba hizo aliziingia kwa mlango wa jikoni. Uhuru ulipofika, alisema sasa atavika sebule yake mwenyewe, huko mtaani Kilibula. Alifanya kazi kila Jumamosi, ubao mmoja mmoja, huku Mama Sidonie mkewe akinung'unika kwamba viti vyake vinanyeshewa uani. Mwanzoni mwa 1964 kazi ikaisha, tukaalikwa kuiona. Tulivua viatu bila kuambiwa.

Halafu uasi ukaingia mjini kwetu Uvira. Wapiganaji waliwatafuta makarani na kila aliyedhaniwa kula sahani moja na wazungu. Walipekua nyumba, na kitu kidogo cha kizungu kilitosha mtu achukuliwe asirudi. Sebule ile ingemwua mwenyewe, na sote tulijua. Kuibomoa hakukuwezekana, kwa sababu nyundo ingesikika mtaa mzima. Ndipo Mama Sidonie alipoleta udongo mweusi wa mto Kalimabenge, wakaisiriba lambri yote hadi ikafanana na kuta za matope za majirani.

Ila fundi mwenyewe alisahau kwamba udongo haushiki ubao uliopigwa randa vizuri. Ukikauka, unabanduka. Basi kila asubuhi waliulowesha na kuuziba upya, na beseni la udongo likahamia chini ya meza.

Mchana mmoja wa jua kali wapiganaji waliingia kuomba maji. Nilikuwa nimeketi pale. Mkubwa wao aliegemea ukuta. Bonge la udongo likaanguka miguuni pake, ubao ukang'aa.

"Ile njo nini?" akauliza.

Papa Hyacinthe, ambaye karakanani hatujaweza kumnyamazisha hata siku moja, alimtazama mkewe. Mama Sidonie ndiye aliyejibu, huku akiendelea kumimina maji: "Chef, ukuta iko inaoza. Bwana yangu hajui kujenga, njo aliweka mbao ili usituangukie."

Mkubwa yule alimtazama mwenye nyumba kwa huruma, akamshauri atafute tofali, akanywa maji, wakaenda zao. Papa Hyacinthe akaketi sakafuni akalia. Baadaye alituambia kwamba kilichomwuma zaidi ni mkewe kusema hajui kujenga.

Huwa tunakicheka kisa hicho, lakini kicheko hakifiki mbali. Waasi wameondoka mjini na makarani wamerudi ofisini, ila lambri ingali chini ya udongo, na udongo bado unaloweshwa kila asubuhi. Lori likipunguza mwendo nje ya karakana, kama yalivyofanya ya wapiganaji, Papa Hyacinthe huacha randa katikati ya ubao akaenda nyumbani, wala hatumwulizi anakwenda kufanya nini. Mimi mwenyewe picha yangu ya harusi nimeigeuza uso ukutani, kwa sababu nimevaa tai.

Papa Hyacinthe, aksanti kwa milango, madawati na majeneza uliyotutengenezea, na kwa ukali wako kila mmoja wetu alipopiga randa kinyume na nyuzi za ubao. Mama Sidonie, aksanti kwa kuturudishia kapita wetu akiwa hai. Tunawatakia uzee wa raha na usingizi mzito. Zaidi ya hayo, tunawatakia asubuhi moja mtakayosahau kuulowesha udongo ule, ukauke, ubanduke wenyewe tukiwa tumeketi sebuleni mwenu, na asiwepo hata mmoja wetu wa kutazama mlangoni.

Térence, kwa niaba ya mafundi wote