Heriel Aliyeuza Mvinyo wa Bordo

Ndugu waombolezaji, kamati ya msiba iliniomba mimi, kaka yake mkubwa marehemu, niandike kwamba Heriel alikuwa "mfanyabiashara wa vinywaji." Nimekataa. Heriel aliuza mvinyo mwekundu wa Bordo, Ufaransa, na hakuwahi kuuficha chini ya meza.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 kijijini Nronga, Machame, kitindamimba wa mama aliyepika mbege, pombe ya ndizi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, 1977 hadi 1983, kisha sekondari Moshi hadi kidato cha nne. Lakini ulimi wake ulisomeshwa na mama. Mama alitia gome la msesewe ili mbege iwe na uchungu wake, na hakumpa mteja kata kabla ya kuonja yeye mbele yake.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na Flavia, mwenyeji wa Bukoba. Binti yao, Herieth, alizaliwa mwaka 2000.

Mwaka 2004 aliingia hapa Guangzhou, China, kununua simu za kupeleka Kariakoo. Mwaka 2010, kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, akaonjeshwa Bordo. Alinipigia, nami nikiwa nimetangatanga hadi Lubumbashi, akasema, "Kaka, Wazungu nao wana msesewe." Hamu ya kuuza simu ikamwisha, akaanza kuuza mvinyo.

Alitueleza bila kuchoka. Zabibu za kwenye kokoto, kushoto mwa mto wa huko Bordo, hutoa mvinyo mkali unaotaka kungojwa. Za kwenye udongo mfinyanzi, kulia, hutoa ulio laini, unaokubali kunywewa mapema. Mjini hapa wengi walitaka chupa yenye picha ya kasri, wapokezane zawadi bila kuifungua. Yeye alisema thamani iko kinywani, na mara nyingi mkulima jirani asiye na kasri humshinda mwenye nalo. Kila kasha alifungua chupa moja akaonja kwanza. Laoban mmoja, yaani bosi, tajiri wa mikoba kule mjini Shiling, alitaka kumimina soda kwenye glasi. Heriel akaifunika kwa kiganja.

"Laoban, ukitaka soda nunua soda. Huyu mzee mwache aseme mwenyewe."

Laoban alinuna, akanywa, akawa mteja mpaka mwisho.

Februari 2025 Heriel aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wapo wanaonong'ona kwamba ni mvinyo. Daktari hakusema hivyo, nami sisemi. Dawa zilimwondolea ladha, chai na uji vikawa kitu kimoja. Ndipo akamkabidhi Herieth chupa moja ya kwenye kokoto, ya mwaka aliozaliwa binti huyo. "Usiiuze, usiifiche. Ifunguliwe siku yangu, mkiwa wengi." Alifariki tarehe 9 Novemba 2025.

Jana laoban yule alikuja kuitaka chupa, bei tuitaje sisi. Flavia akamjibu, "Mei you, ya kuuza haipo. Karibu kunywa." Kamati nayo ikashauri tuifungue nyumbani, milango imefungwa. Hapana.

Marehemu ameacha mjane Flavia, binti Herieth na mimi. Kesho anasafirishwa Nronga, azikwe kando ya mama. Leo, baada ya sala, chupa inafunguliwa hapa, mbele ya jeneza. Haitatosha, kila mmoja tone lake. Atakayekunja uso na akunje, soda haitawekwa.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Mama hayupo, nawe hupo. Wa kuonja kwanza ni mimi.