Mama Mkwe Ndani ya Mkoba

Risala ya wafanyakazi wa kiwanda kidogo cha bia kwa mwenye kiwanda, siku ya kutimiza miaka kumi. Imesomwa na katibu wao.

Mgeni rasmi, Mzee wetu mwenye kiwanda, mama uliyefuatana naye, ndugu Meneja, na nyinyi majirani mliosikia harufu ya kimea mkaona msipitwe: hamjambo nyote?

KARIBU

Karibu Mzee, jisikie uko kwako, maana kweli uko kwako. Ulipofika mwaka jana paa la stoo lilikuwa linavuja juu ya magunia ya shayiri, ukasema litazibwa, na limezibwa. Ahsante sana. Tumeanza na shukrani kwa sababu huko mbele kuna maombi, na sisi si watoto wa jana.

Kabla hatujaendelea, tunaomba radhi. Ndugu Meneja alitaka kuisoma risala kabla ya leo. Tukampa, akaisoma, akaipenda, akaigonga muhuri. Risala ile ipo ofisini, ina kurasa mbili safi zisizo na kosa hata moja. Hii ni nyingine. Ndugu Meneja, kaa tu, hatumtukani mtu hapa.

HISTORIA YETU

Mzee, ulianza na matangi mawili ya mtumba yaliyokuwa ya maziwa, ndani ya gereji ya malori. Sakafu ilikuwa na oili hata ukienda kuchota maji unateleza, unarudi umekaa. Tulikuwa wanne. Wa nne alikuwa mwanamke aliyekuja kuomba kazi ya usafi. Wakati anasubiri jibu lako aliinama kwenye tangi, akanusa, akasema, "Hii imepikwa na mtu mwenye haraka." Mpishi wa siku hiyo ulikuwa wewe mwenyewe. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, kisha ukamkabidhi tangi.

Huyo ndiye Shangazi. Tunamwita hivyo kwa sababu ukikosea hakusemi pembeni, anakusema mbele za watu, halafu anakuuliza kama umekula. Hakuna anayepika bia hapa ambaye hakufundishwa na yeye. Joto la maji anapima kwa kiwiko. Kipimajoto anacho, anakitoa kwa ajili ya wabishi tu.

Kwa majirani msioijua kazi hii, bia haipikwi na mtu. Mtu anapika maji ya kimea na hopsi, yale maua ya kuitia bia uchungu, basi. Anayeyageuza kuwa bia ni chachu, vijidudu vilivyo hai. Kazi yao ikiisha vinatulia chini ya tangi kama matope meupe, na ukivitunza vitakupikia tena na tena. Chachu yetu Shangazi aliipa jina la Mama Mkwe. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu: "Lazima ale kwanza kabla hajafanya lolote. Hataki joto. Hataki kutikiswa. Na ukimbana sana atakulipukia mbele za watu." Jina likashika kiwanda kizima, hata mhasibu analitumia.

MAFANIKIO

Leo matangi ni tisa. Chupa yetu inakaa kwenye rafu za hoteli, imegeuzwa lebo mbele, na watu wanapiga nayo picha kabla ya kuinywa. Tunajivunia. Wengine wetu tukipita dukani tunaigusa tu, kuisalimia.

Kuigusa ndiko tulikobaki nako, Mzee. Bei ilipanda mwanzoni mwa mwaka jana, ikapanda katikati, ikapanda tena mwishoni. Hatulaumu. Shayiri imepanda, chupa tupu zimepanda, kodi imepanda. Malori tunayashusha sisi, tunajua. Lakini safari ile ya tatu hata kreti ya wafanyakazi ya mwisho wa mwezi ilikatwa. Sasa pale baa ya ng'ambo ya barabara chupa moja ya bia yetu ni chakula cha siku mbili. Mpakiaji wetu alimtoa mkewe siku ya kukumbuka ndoa yao, wakaagiza chupa moja na glasi mbili, mhudumu akauliza kama wanasubiri wenzao. Anasema walicheka usiku kucha. Mkewe anasema alicheka peke yake.

Hapo ndipo Shangazi alipotuita jikoni kwake Jumamosi mchana. "Nyie ni wapishi," alisema. "Mpishi halii njaa, anawasha jiko." Alikuwa na sufuria kubwa, ndoo nyeupe yenye mfuniko, mpira wa kuhamishia na kitambaa safi. Mumewe, fundi redio mstaafu, alitakiwa kuhamisha spika zake mezani, akazihamisha akinung'unika, na baada ya saa moja ndiye aliyekuwa anakoroga. Tukapiga hesabu: lita ishirini kwa bei ya chupa nne za baa. Tukarudia kuipiga, tukidhani tumekosea.

Ndoo ya kwanza tuliibana sana. Siku ya tatu mfuniko uliruka ukapiga dari, na doa lipo mpaka leo. Fundi redio amelizungushia fremu ya picha, anawaonyesha wageni.

Mzee, hatuuzi. Tunakunywa kidogo, tunacheka sana. Jumamosi zile tulijuana. Watu waliofanya kazi bega kwa bega miaka sita wakaulizana kwa mara ya kwanza majina ya watoto. Ikiwa hayo si mafanikio, basi hatujui mafanikio ni nini.

CHANGAMOTO

Chachu ya ndoo zile ilitoka hapa. Hatutaificha. Kila Ijumaa ya pili tangi linapooshwa, Mama Mkwe wa ziada humwagwa mtaroni kwa mpira wa maji, ndoo kwa ndoo. Shangazi alikuwa anajaza chupa moja iliyokuwa ya jamu kabla hajafungulia maji, anaitia mkobani, huyo nyumbani.

Pale getini mlinzi wetu ni mtu wa utaratibu. Aliuliza, "Shangazi, una nini humo?" Shangazi si mwongo. Akajibu, "Mama Mkwe." Mlinzi akaandika kwenye daftari: Mama Mkwe, ametoka. Wiki mbili baadaye: Mama Mkwe, ametoka. Ikaenda hivyo miezi minane.

Siku moja ndugu Meneja akapitia daftari. Akamwita mlinzi. "Huyu mama mkwe ni wa nani?"

"Wa Shangazi, mkuu."

"Anatoka kila wiki mbili. Mbona sioni mahali alipoingia?"

Mlinzi akaanza kufunua kurasa za nyuma kumtafuta. Ijumaa iliyofuata Meneja akasimama getini mwenyewe. Shangazi alipomwona alifurahi, Mzee. Alidhani naye amechoshwa na bei za baa, anataka kujifunza. Akafungua mkoba kwa mikono yake, akainua chupa juu mwangani, akaanza kumweleza namna ya kuilisha. Jumatatu alipewa barua: amesimamishwa kwa kuondoa mali ya kiwanda bila kibali, na asivuke geti mpaka atakapoitwa. Mali hiyo siku zote ilikuwa mali ya mtaro.

Huu ni mwezi wa pili, hajaitwa.

Tuseme ukweli, ndugu Meneja si mtu mbaya. Daftari lilisema neno, naye akalifuata. Kosa ni letu tulioizoea lugha ya ndani mpaka tukasahau kuna asiyeijua.

Lakini mwenye kuumia ni Shangazi. Mumewe ametuambia wiki ile ya kwanza mkewe aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akavaa gambuti, akafunga kilemba, akafika mlangoni ndipo akakumbuka. Alirudi akakaa kitini na gambuti zake miguuni mpaka jua likachomoza. Hakulia. Alisema tu, "Leo ni siku ya tangi namba tatu." Na kweli ilikuwa siku ya tangi namba tatu.

Sasa tunaungama. Wiki ya pili bila yeye tuliosha tangi la chachu kwa maji ya moto. Nani alifungulia bomba, hilo ni letu wenyewe. Kipimajoto kilikuwepo, kilikuwa kimevunjika na hakuna aliyesema. Asubuhi tukamkuta Mama Mkwe amekufa. Tulimlisha, hakula. Tulisubiri povu siku mbili, tangi kimya kabisa. Na chachu mpya ikiagizwa huchukua wiki sita, wakati sherehe hii ilikuwa imebakiza tano.

Mwizi akikosa mlango hupiga hodi, nasi tulikuwa tunajiona kama wezi. Jumapili tukaenda kwa Shangazi, kumi na wanne, tukajipanga uani kama waliokuja kuposa. Alitutazama mmoja mmoja. Hatukuwa tumesema neno.

"Mmemuua," alisema.

"Tumemuua, Shangazi."

"Kwa maji ya moto."

"Kwa maji ya moto."

Alitusema, Mzee. Yale aliyotusema hayawezi kusomwa mbele ya mgeni rasmi. Kisha akatuuliza kama tumekula. Kisha akafungua friji, na nyuma ya nyanya kulikuwa na chupa ya jamu, Mama Mkwe yule yule, mzima, ananeemeka.

Angeweza kukataa. Alikuwa na barua mezani inayosema chupa ile ni ya wizi. Mpakiaji alimkumbusha, kwa woga. Akamjibu, "Barua nimeandikiwa mimi. Mama Mkwe hakuandikiwa." Akamlisha siku nne, kutoka chupa kwenda sufuria, kutoka sufuria kwenda ndoo, kutoka ndoo kwenda ndoo tatu. Fundi redio akalala na spika kitandani kwa sababu meza haikuwa na nafasi.

Siku ya kumleta, mlinzi alisimama wima, akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa: MAMA MKWE, AMEINGIA. Ndugu Meneja alikuwa pale pale. Aliziona ndoo, akatuona sisi tuliozibeba, akatazama juu akasema, "Leo kuna upepo." Hakuna jani lililotikisika. Siku hiyo tulimpenda.

Na upishi wenyewe Shangazi aliusimamia kwa simu, kutoka jikoni kwake. Tulikuwa tunaweka simu ubavuni mwa tangi asikie linavyopumua. "Bado," anasema. "Bado. Haya, sasa."

Hili linalofuata halimo kwenye karatasi, tunaliongeza hapa hapa. Mzee, tumekuona ukiomba glasi ya pili. Tumekusikia ukimwambia mama kwamba tangu kiwanda kifunguliwe hakijatoa bia kama hii. Ni kweli. Na imetoka kwenye chupa ile ya jamu.

MAOMBI

La kwanza, tunaomba kreti yetu ya mwisho wa mwezi irudi. Si lazima iwe imejaa.

La pili, mashapo yanayokwenda mtaroni yaruhusiwe kupita getini, yakiandikwa kwa jina lolote atakalochagua ndugu Meneja. Tutaendelea kupika nyumbani, na bia yako haitapungukiwa na mnywaji, kwa maana anayejua kazi ilivyo ndiye anayeheshimu bei. Siku tukipata, tutainunua, na tutaagiza chupa mbili.

Tulikuwa na la tatu la gambuti mpya. Tumeliweka kando, maji bado hayajafika magotini.

La mwisho ndilo lililotuleta. Tunaomba turudishiwe Shangazi wetu. Barua itoke kwenye faili, yeye arudi kwenye tangi. Hakututuma. Alipopata fununu ya risala alikasirika, akasema, "Msinililie, mimi si maiti." Lakini tangi namba tatu lina bia inayotakiwa kuamuliwa leo, na kati yetu hakuna anayethubutu kusema bado wala sasa.

Mzee, jambo moja tu. Bia unayokunywa, yeye hajaionja. Ndani haruhusiwi kuingia, na ya baa haimudu. Tulimwambia asimame nje ya geti saa kumi, tutamtolea kidogo. Sasa ni saa kumi na dakika tano, na Shangazi hachelewi. Ile glasi ya tatu hapo mezani kwako, iliyofunikwa kisahani, si ya Meneja. Ni yake. Tunakuomba uichukue wewe mwenyewe, uvuke uwanja huu, umpelekee, na usimwache anywee nje.

Mungu aubariki mkono utakaoibeba, aibariki miguu isije ikateleza, akubariki wewe na mama na nyumba yenu, shayiri ishuke bei na furaha ipande.

Ni sisi, wafanyakazi wako kumi na wanne, tunaotazama geti tukisubiri kuwa kumi na watano.