Ganda Liruke Juu au Pembeni

Benchi la mbele ya duka la Lorraine, pale njia panda ya Tarbell, karibu na mpaka wa Kanada, lina nafasi ya watu wanne, lakini lina wenyewe watatu. Wa kwanza ni Delmar Whitcher, ambaye kila mtu humwita Chuma. Wa pili ni Armand Gagnon, mpika sirapu ya utomvu wa miti, jina lake Sirapu. Wa tatu ni Royce Tuttle, aitwaye Hakimu kwa sababu aliwahi kuitwa kortini kuwa mzee wa baraza, siku moja tu, na tangu siku hiyo hajaacha kuhukumu. Ilikuwa Alhamisi ya Novemba, theluji ya kwanza imeshanyunyiza mapaa, na Jumamosi msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa. Birika la kahawa lilikuwa chini ya benchi, na Chuma alikuwa na jambo rohoni.

Jambo lenyewe lilikuwa macho. Mwaka jana alinyemelea kulungu asubuhi nzima, tumbo chini, pumzi ameibana, alipofika akakuta kisiki. Hakumwambia mtu. Alisema dume limemtoroka. Sasa alihitaji bunduki yenye darubini, na hapo ndipo penye kazi, maana Harlow yake, bunduki ya wenzo, ya kukokiwa kwa mpini wa chini, ya baba na babu, hutema maganda ya risasi juu, palepale darubini inapotakiwa kukaa. Inayotema pembeni ni Tolland. Na Tolland moja, darubini yake tayari mgongoni, ilikuwa imening'inia dukani nyuma ya Lorraine. Ila Chuma huyuhuyu alishasema mbele ya kijiji kizima: heri amwoe mama mkwe wake kuliko kushika Tolland.

– Tuseme kuna mtu, alianza, akitazama viatu vyake. Si mimi. Anataka bunduki ya wenzo. Mtamshauri anunue ipi?

– Mtu gani? aliuliza Sirapu.

– Binamu yangu.

– Binamu zako si walikwisha kufa wote?

– Huyu wa mbali.

– Basi mwambie Tolland, kwisha habari. Unavuta wenzo, krichi, ganda linarukia kulia, huna shida na mtu. Harlow yako ganda linapaa, halafu linakurudia shingoni kama linakudai.

Chuma alikuwa amekuja ili ashawishike. Lakini damu nzito.

– Na likirudi shingoni kuna ubaya gani? Marehemu baba liliingia kwenye kola, la moto, akacheza ngoma kule mlimani mpaka kofia ikadondoka. Dume likasimama kumshangaa. Akalimaliza palepale! Ule ni ufundi wa kiwandani, bwana wee, hamuelewi tu!

Akauma ulimi. Mjinga mimi, akajiambia, nimekuja kuhama chama nimeishia kupiga kampeni.

Hakimu aliinua kikombe, dalili ya kwamba hukumu inakuja.

– Baraza limesikia. Nyote hamna kitu. Achukue Belknap, ile ya shaba. Chema chajiuza.

– Ile inayong'aa? Sirapu alicheka. Kulungu anaiona akiwa Kanada!

– Ndiyo siri yenyewe! Jike anaona kitu kinametameta, anasogea kujitazama. Unamjua jike na kioo? Jike akija, dume yuko nyuma yake. Wewe umekaa tu.

– Na kuijaza risasi je? Mpaka umalize kuijaza Belknap, hilo dume limeshapata wajukuu.

– Haraka haraka haina baraka.

– Haya, mwambie kulungu akusubiri.

Sirapu alimimina kahawa, akasogea karibu kama mtu anayetoa siri ya serikali.

– Niwaambie ukweli. Jambo ni mlio. Kulungu wetu wanashuka kutoka Quebec, wanasikia Kifaransa. Tolland ukiikoki inasema krichi. Kwa Kifaransa cha porini maana yake karibu ndani. Bibi yangu ndiye aliyeniambia.

– Bibi yako alikuwa kiziwi, Sirapu.

– Ndiyo maana hakudanganyika na kelele.

– Na Harlow inasemaje? Hakimu aliuliza.

– Inatukana.

Chuma aliona mwanya, akajitosa.

– Tuseme basi huyo binamu anataka kuweka na darubini.

Sirapu aligeuka mwili mzima.

– Darubini? Si wewe uliyesema darubini ni ya mabaharia na wachungulia madirisha?

– Binamu si mimi!

– Nyani haoni kundule, alisema Hakimu, bila sababu yoyote.

– Nani haoni? Chuma aliruka, kahawa ikammwagikia gotini.

– Ni methali tu, jamani. Una nini wewe leo?

Alikuwa na hofu. Kuchekwa angevumilia. Alichoogopa ni Jumamosi alfajiri, wenzake wakipanda kambini na sufuria zao za maharage, yeye abaki nyumbani na redio.

Hapo gari dogo la posta likasimama. Akashuka dada mpya wa barua, mtu wa mjini, hata wiki hajamaliza.

– Habari za asubuhi, wazee. Samahani, niwaulize kitu. Nasikia Jumamosi inaruhusiwa kupiga dume tu. Sasa yule kulungu pale, nyuma ya kanisa, ni dume au jike?

Vichwa vitatu viligeuka. Chuma aliliona kanisa. Nyuma yake aliamini kuna malisho, kwa sababu yalikuwapo siku zote. Akamsubiri Sirapu aseme. Sirapu akamsubiri Hakimu. Hakimu akasafisha koo.

– Swali hilo lina utata wa kisheria.

– Jua linanipiga machoni, alisema Sirapu.

Jua lenyewe halikuwa limeonekana tangu Jumatatu.

– Lakini ana pembe au hana? dada aliuliza tena.

Chuma akawatazama wenzake. Sirapu alikuwa amekodolea macho ofisi ya zima moto, Hakimu anatazama mawingu. Akaelewa kuwa nao hawaoni, akataka kucheka na kulia kwa pamoja.

– Mimi simwoni, alisema. Hata kidogo. Na lile dume la mwaka jana halikunitoroka. Kilikuwa kisiki.

Hakimu aliacha mawingu, akamgeukia.

– Cha pale kijitoni? Hakimu aliuliza kwa sauti ndogo.

– Hichohicho.

– Mimi nilikipiga risasi. Mbili.

– Kumbe ni kisiki? Sirapu alishika kichwa. Jamani! Mimi kila mwaka nakipungia mkono. Nilijua ni Hakimu!

Walicheka mpaka benchi likalia. Kisha kicheko kikakatika ghafla, maana wote watatu walikumbuka kitu kimoja: Tolland ya dukani ni moja tu, na darubini ni moja. Wakainuka kwa pamoja. Sirapu akagonga nguzo, Hakimu akakanyaga birika. Chuma akafika wa kwanza, kwa sababu mlango ule aliujua bila kuuona.

Dada wa barua alibaki peke yake na kahawa iliyomwagika.

– Kwa hiyo ni dume au jike?

Ndani, Lorraine alikuwa ameshika kiuno.

– Chuma, si ulisema heri umwoe mama mkwe wako?

– Mama mkwe alishafariki, Lorraine! Lete bunduki!