Pikipiki Iliyosikika Tangu Birongo

Swali ambalo nimekaa nalo kwa miaka mitano ni hili: wakulima wa njia ya Sironga walipofungua ng'ombe wao na kuwaleta barabarani, walikuwa wakimjia Bwana Manasseh Ogari, au walikuwa wakiitikia pikipiki yake? Lingekuwa swali la udadisi tu, nisingelileta katika wasifu wa kumuaga mtu. Lakini jibu nililolitoa mwaka 1974 liliingia katika faili lake, na Bwana Ogari anastaafu tarehe 30 Juni 1979, baada ya kuitumikia idara yetu ya mifugo kwa miaka ishirini na minane.

Alianza mwaka 1951 akiwa karani wa josho. Mwaka 1960 alifunzwa uhimilishaji, na tangu hapo kazi yake imekuwa kupeleka mbegu za madume bora kwa ng'ombe wa wakulima wadogo, kila asubuhi, kutoka Kisii mjini kupitia Birongo hadi Nyamira na Sironga. Wazee humwita daktari, cheo ambacho hajawahi kukidai. Watoto humwita Fahali wa Chupa, jina ambalo hajawahi kulikataa. Kazi hiyo haina nafasi ya kuchelewa: ng'ombe aliye kwenye joto asipohudumiwa siku hiyo, mwenyewe husubiri siku nyingine ishirini na moja.

Miaka ya kwanza aliifanya kwa baiskeli. Nyuma ya ghala letu kulikuwa na pikipiki ya jeshi, BSA ya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, iliyoachwa hapo injini ikiwa imekwama na kuku wakitagia chini ya tangi. Mwaka 1963 Bwana Ogari aliomba kwa barua ruhusa ya kuifufua. Okoth, fundi wa gereji yetu aliyetoka Kendu, alimwambia kwamba hata chuma kina haki ya kuzikwa, kisha akamwazima spana.

Kazi ilichukua miezi kumi na minne, Jumapili kwa Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato yake. Kifuniko cha giaboksi kilikuwa kimepasuka na hakikupatikana kokote. Bwana Ogari alikwenda Tabaka, akarudi na mawe mawili laini ya kuchonga, akachonga ndani yake umbo la kifuniko, akayeyusha sufuria kuukuu na kuimimina humo. Kifuniko kilikaa sawasawa. Mkewe, Mama Esnah, aliitafuta sufuria ile kwa wiki nzima. Hadi leo huwaambia wageni kwamba yeye ndiye mwanamke pekee wa Mosocho ambaye sufuria yake hukimbia maili thelathini kwa saa.

Sehemu moja tu haikurudishwa ilivyokuwa. Bomba la kupunguza sauti lilikuwa limeliwa na kutu, na Okoth akaweka mahali pake kipande cha bomba la maji. Ukatoka mdundo mzito, wa polepole, uliovuka mabonde mawili kabla ya pikipiki yenyewe kuonekana. Hakuna aliyelipa jambo hilo maana yoyote. Tangu mwaka 1964 Bwana Ogari ameiendesha karibu kila siku ya kazi, na daftari zetu zinaonyesha kwamba amehudumia ng'ombe wasiopungua thelathini na tano elfu. Ndama wa kwanza wa aina ya maziwa katika boma nyingi za njia ile ni kazi ya mkono wake.

Mimi, daktari wa mifugo na msimamizi wake, nilifika mwaka 1972, nikitoka chuo kikuu, nikiamini sana tarakimu. Miaka miwili baadaye tulipata pikipiki mpya, nyepesi na isiyo na kelele, nami nikaagiza ile ya jeshi irudi ghalani. Ndani ya miezi miwili wastani wa ng'ombe wa njia ya Sironga ulishuka kutoka kumi na mmoja kwa siku hadi wanne. Maili zilikuwa zilezile, petroli ilikuwa imetumika, ng'ombe hawakuwapo. Nikahitimisha kwamba Bwana Ogari anapita vituoni bila kusimama, nikamwandikia barua ya onyo. Majibu yake yalikuwa ya mistari mitatu, yenye heshima: alisimama kila kituo kwa saa yake, watu hawatoki, na yeye hajui sababu. Niliyasoma kama majibu ya mtu asiye na la kujitetea.

Wiki iliyofuata Mama Orpah Kemuma wa Sironga alikuja ofisini kwa miguu. Ng'ombe wake alikuwa amepitwa na joto mara mbili mfululizo. Aliniuliza: "Daktari, mwanangu, tumewakosea nini hata mkamtoa Ogari?" Nikamjibu kwamba Ogari anapita kwake kila asubuhi. Akanitazama kama mtu anayeamua iwapo anitukane au anihurumie. "Angepita ningemsikia. Yule husikika tangu Birongo. Nikimsikia naacha kuchuma majani chai, namfungua ng'ombe, nafika barabarani kabla yake. Hiyo mpya yenu inanyata kama mwizi."

Hakuna aliyewahi kusimama kando ya barabara akingoja. Shamba halimruhusu mtu kungoja. Wote walikuwa wakipima muda kwa mdundo ule, na Bwana Ogari, aliyeukalia mdundo wenyewe, ndiye aliyekuwa wa mwisho kulifahamu hilo. Nilimrudishia pikipiki yake siku ileile. Baada ya wiki tatu wastani ulipanda hadi tisa.

Haukurudi kumi na mmoja. Hapo ndipo nilipojificha. Mvua zilikuwa zimeanza, nyasi zilikuwa nyingi, na ng'ombe walioshiba huonyesha joto vizuri zaidi. Huenda wangeongezeka hata bila kelele. Tena kila Jumamosi, mwenzetu alipopita kwa Land Rover, ng'ombe walikuwa wachache siku zote, nami nilikuwa nimesema ni kwa sababu wakulima wengi nao huishika Sabato. Je, ilikuwa Sabato au ukimya wa gari? Nilijiambia kwamba ushahidi wa kuifuta barua hautoshi, na barua ikabaki. Bwana Ogari hakuitaja tena hata mara moja. Alinisalimu kila asubuhi kama kawaida, na alipofiwa na kaka yake alinituma mimi nimwombee ruhusa kwa wakubwa.

Wiki iliyopita nililifungua faili lake kwa mara ya mwisho na kuiondoa barua ile, nikaweka mahali pake maelezo niliyoyatia saini. Sikupata ushahidi mpya. Niliona tu, kwa kuchelewa, kwamba aliyepaswa kuthibitisha kosa ni mimi, si yeye. Nilipomweleza, alisema: "Daktari, hata mimi sikujua." Kisha akauliza kama anaweza kuendelea kutumia spana za ghala hadi Ijumaa.

Tarehe 30 ni Jumamosi, kwa hiyo safari yake ya mwisho ni Ijumaa tarehe 29. Idara imemwachia pikipiki, naye anakusudia kuiendesha Mosocho kwenda sokoni na kanisani. Jumatatu mwenzake ataanza njia ya Sironga kwa pikipiki mpya, akiwa ameagizwa kupiga honi kila kilima. Wakitoka wachache, sitajua walichokosa ni mdundo au ni mtu, maana vyote viwili vinaondoka siku moja. Daftari zetu ziliandika waliokuja tu. Wale walioinua vichwa shambani wakasikiliza, hatukuwaandika kamwe.

Bwana Ogari, asante kwa miaka ishirini na minane. Wewe na Mama Esnah mkae salama na mpumzike vyema. Na ukipita karibu na ofisi, huhitaji kubisha hodi.