Mama Perez na Jiwe Lililosuguliwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tuomboleze pamoja. Leo tunamkumbuka Mama Perez Ogola wa Kaloleni, hapa Kisumu, aliyetuacha wiki jana. Ndiyo, Mama Perez, yule ambaye kwenye sufuria zake ungeweza kujitazama ukachana nywele. Alizisugua kwa jivu na mchanga wa ziwani. Ole wako umrudishie chombo chenye masizi!

Mumewe, marehemu Ogola, aliwahi kufanya kazi kwenye mgodi wa shaba kusini mwa ziwa. Alirudi na jiwe moja. Ni jiwe la shaba, wasikilizaji, liitwalo bornaiti. Likikaa hewani hupata zambarau, buluu na kijani. Kwa rangi hizo wakusanyaji wa mawe hukosa usingizi. Rafiki yake Navin, mwenye duka la vitambaa, alilitamani miaka nenda miaka rudi.

Mama Perez hakuelewa. "Jiwe haiwezi kupikwa," alikuwa akisema. "Sasa wanaume wawili wazima wanaangalia nini?"

Mwaka wa 1987 Ogola alizidiwa. Akamwambia mkewe, "Jiwe mpe Navin." Akafariki.

Sasa, zawadi ya marehemu ipelekwe chafu? Hata! Mama Perez alichukua jivu na mchanga, akalisugua jiwe mpaka likabaki kahawia, linang'aa. Navin alilipokea. Kisha akasema, "Asante, Mama." Lakini uso ulikuwa umemshuka, na Mama Perez akauona.

Binti yake, Apiyo, anasema, "Mama alichanganyikiwa kabisa. Hata tukitoka kanisani aliniuliza, 'Apiyo, nilikosea wapi na zawadi ya Baba yako?'"

Mwaka wa 1993 Navin aliwaalika mama na binti nyumbani kwake. Jiwe lile lile lilikuwa kabatini, nyuma ya kioo, limerudia zambarau. Navin akalitoa awaonyeshe. Mama Perez akaona uchafu. Akashika pembe ya leso yake alipanguse.

"Mama, wacha!" Navin akamshika mkono. "Hiyo si uchafu. Hiyo rangi ndiyo Ogola alikuwa anapenda. Ulipoitoa nililia. Lakini imerudi yenyewe."

Mama Perez aliketi. Hakulia, wala hakufurahi. Akauliza, "Miaka hiyo yote nilikaa na Ogola nyumba moja. Mbona yeye hakuniambia?"

Navin akalirudisha jiwe kabatini. Swali hilo linaniuma hata mimi.

Apiyo, na jamaa wote wa Ogola, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nawe msikilizaji, kipo kitu unachokipenda, na unayeishi naye hajui ni kwa nini. Mwite sasa hivi, umwambie.