Mapunda Alioa Kitabu cha Sita

Basi lilipotoka Mafinga, dada mmoja mwenye riwaya ya Mpelelezi Semba alimwambia mfugaji wa Usangu aliyeketi naye kwamba Mapunda, msaidizi wa Semba, alilipuliwa na magaidi akafa katika kitabu cha tatu.

"Uongo, dada!" bwana akang'aka. "Kitabu cha sita si alioa? Mke wangu Nyamizi hunisomea chote, haruki hata neno."

Mimi niliyeketi nyuma yao, cha sita nimekisoma mara mbili. Harusi sikuiona, labda nilisinzia.

"Na sasa naenda kisomo cha watu wazima," bwana akaendelea. " Mwakani nitajisomea mwenyewe."

Basi liliposimama Igawa bwana ashuke, dada akampa kitabu chake.

"Mpelekee shemeji hiki cha saba."

"Mapunda yumo?"

"Akisoma yeye, atakuwemo."