Dada Pamba na Hesabu ya Mia Moja

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, asubuhi ya manyunyu, mtoto wa pili wa mwalimu na mshonaji. Mama alisimulia kuwa hakulia. Alitazama tu mwanga dirishani, kana kwamba anaihesabu miali yake.

Alianza shule ya misheni mwaka 1965, akahitimu uuguzi mwaka 1979. Chuoni alipata mazoea yasiyomtoka: kila alipochomoa sindano, aliibana pamba mwenyewe na kuhesabu pamoja na mgonjwa hadi mia moja, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Wodini wakamwita Dada Pamba.

Tarehe 3 Juni 1986 aliletwa mchinjaji, aliyetibiwa malaria siku tano bila nafuu. Macho yalikuwa mekundu, kwikwi haikomi. Dada Pamba alimtoa damu ya kupima, wakahesabu mia moja, kisha mia nyingine, na pamba ikazidi kulowa.

"Daktari, damu haigandi. Tufunge wodi."

"Kwa pamba moja tu, Dada Pamba? Hiyo malaria sugu."

"Nicheke kesho, daktari. Leo asitoke mtu."

Alivaa glavu mbili kila mkono, akafunga sampuli mara tatu, akaandika majina ya wote waliomgusa mgonjwa. La kwanza lilikuwa lake. Siku ya sita maabara kuu ilijibu: homa ya virusi inayosababisha kutokwa na damu. Mchinjaji hakupona. Kati ya ishirini na saba walioandikwa, waliugua wawili, nao wakapona.

Yeye alitengwa siku ishirini na moja. Mchumba wake, fundi redio, alisimama kila jioni ng'ambo ya kioo.

"Leo ya ngapi?"

"Ya kumi na nne. Usisogee!"

"Nisogee wapi? Nimeshaota mizizi hapa."

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa binti mmoja.

Alistaafu mwaka 2018. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akawa anasinzia kitini mchana, vidole vikibana kitu tusichokiona.

Tarehe 14 Machi 2023, binti yake, naye muuguzi, alimchomoa sindano ya dripu, akabana pamba. Wakahesabu pamoja. Sauti ya mama yake ilififia kwenye sabini na moja. Binti akaendelea peke yake hadi mwisho. Alipoinua pamba, ilikuwa kavu.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na kaka mmoja. Pumzika sasa, dada yetu, kwa amani, mia imetimia.